Gari Linalogoma Kuwaka Mara Moja Moja

Gari lililokufa kabisa halimpi fundi taabu kubwa. Linavutwa hadi gereji, linapimwa, na kilichoharibika kinajulikana. Linalotesa ni lile linalowaka asubuhi, likawaka mchana, jioni likagoma mbele ya duka, kisha baada ya dakika kumi likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Ukilifikisha kwa fundi, linaitika kila ufunguo unapogeuzwa. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza: inanunuliwa betri, baada ya wiki mbili stata, kisha swichi ya ufunguo, na mwenye gari anajikuta amelipia nusu ya mfumo wa umeme huku gari likiendelea na tabia yake. Msimamo wangu ni kwamba ugonjwa wa aina hii hautafutwi kwa spea. Unatafutwa kwa mita, umeme ukiwa kazini, kwa sababu njia ya spea hudanganya hata pale inapoonekana imefaulu.

Chukua gari linalogoma mara 1 katika kila mara 10 linapowashwa. Fundi anafunga stata mpya, anawasha mara 5, linawaka zote 5, analipwa na kuagwa. Sasa piga hesabu: gari hilohilo, lisiguswe kabisa, lina uwezekano wa asilimia 59 hivi wa kuwaka mara 5 mfululizo. Kuwaka mara 10 mfululizo kuna uwezekano wa asilimia 35. Ili bahati hiyo ishuke chini ya asilimia 5, lazima liwashwe mara 29 bila kugoma hata mara moja, na hiyo ni kama mgomo unakuja ovyo. Ukiwa unafuata joto, basi hata mara 29 za asubuhi ya baridi hazisemi lolote kuhusu saa nane mchana. Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi. Betri haibadilishwi bila kufungua vibanio vyake na kuvikaza upya. Stata haitoki bila kufungua nati ya waya mnene. Kama kosa lilikuwa kwenye kibanio kilicholegea au kilichoota unga wa kijani, jambo la kawaida sana katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi, basi limeondoka kwa muda, na sifa zote zinakwenda kwa betri mpya.

Kwa nini kiunganishi kidogo kisimamishe gari zima? Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini. Kwa ampea 150, ukinzani wa omu 0.02 pekee unakula volti 3. Betri nzima iliyotulia ina volti 12.6 hivi, na stata ikizunguka hushuka hadi 11 au 10.5. Ondoa hizo 3 zilizopotelea kwenye kibanio kichafu: stata inabakiwa na volti 8 au 7.5, na hizo zinaweza kuitosha injini iliyopoa leo na kushindwa na injini iliyochemka kesho. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanapima ukinzani wa waya gari likiwa limezimwa, mita inasoma sifuri, waya unasafishwa jina. Lakini mita ya kawaida haiwezi kuona omu 0.02, na waya mnene uliobakiwa na nyuzi chache zisizokatika utasoma sifuri hiyohiyo, ingawa hauwezi kubeba ampea 150.

Kipimo kinachosema kweli ni cha volti zinazopotea njiani stata ikivuta. Gari liwe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa ili injini izunguke bila kuwaka. Ncha moja ya mita hushikizwa kwenye kichwa chenyewe cha betri upande wa chanya, si juu ya kibanio, maana kibanio ndicho mshukiwa. Ncha ya pili kwenye bolti ya stata unapoingilia waya mnene. Mwenzako anageuza ufunguo. Ikizidi volti 0.5, kuna mwizi kati ya ncha hizo mbili. Halafu upande wa hasi: kichwa cha betri hadi kwenye chuma cha injini, ambapo zaidi ya 0.3 tayari ni kosa. Upande huu husahaulika, na mimi ningeanza nao. Betri ikibadilishwa, waya wa ardhi unaotoka kwenye bodi hadi kwenye injini haushikwi na mtu. Unabaki huko chini na matope na oili ya miaka yote.

Mita haina faida, hata hivyo, kama haijulikani ipimwe wapi, na jibu la hilo analo mwenye gari, kwa kuwa ndiye anayekuwepo mgomo unapotokea. Sauti ndiyo shahidi wa kwanza. Mlio wa ta-ta-ta-ta wa haraka, taa za dashibodi zikififia, unaelekeza kwenye betri dhaifu au vibanio vyake. Mlio mmoja mzito, “tak”, taa zikiwa bado zinang’aa, unaelekeza kwenye stata yenyewe. Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi zinajulikana kwa hili: ndani yake mna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa na kisahani cha shaba, na kila mwasho cheche hula shaba kidogo, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Kisahani kikikaa vibaya hakigusi vipande vyote viwili. Ukijaribu tena kimezunguka kidogo, kinagusa, gari linawaka. Vipande hivyo vinabadilishwa peke yake kwa bei ndogo mno kuliko stata nzima. Kimya kitupu ni habari nyingine: jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka, mshukiwa ni swichi ya gia, na betri haihusiki.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini ikakataa kushika, mambo ya stata yanaisha, twende kwenye mafuta na cheche. Katika magari mengi, ukifungua swichi pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi. Isiponguruma siku ya mgomo, umepata pa kuanzia. Sensa ya kranki hupenda kufa injini ikiwa moto na kufufuka ikipoa. Honda za miaka ya 1990 zina rilei kuu ya mafuta ambayo risasi zake za kuunganishia hupasuka, na gari lililoachwa juani hugoma hadi kivuli kilifikie.

Kuna watakaosema siku hizi kompyuta ya kupimia gari inamaliza yote. Inasaidia kwa sensa, ikiwa kompyuta ya gari lenyewe imeweka kumbukumbu ya kosa. Lakini katika magari mengi ya umri wa yale tunayoagiza kutoka Japani, hakuna kinachoiambia kompyuta kwamba waya wa ardhi umelegea. Ripoti isiyo na kosa inamaanisha kompyuta haikuona, basi. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: muda wa fundi una gharama, na stata ya mtumba hupatikana kwa urahisi, kwa nini tusifunge tu? Kwa sababu stata ya mtumba huenda ina shaba zilizoliwa vilevile, na ukiifunga kwenye gari lenye waya mbovu sasa una makosa mawili badala ya moja. Nakiri kwamba mafundi wana sababu ya kupenda spea: mteja hulalamikia elfu kumi za kupima, lakini hutoa laki moja ya kifaa bila neno. Desturi hiyo tumeijenga sisi wateja, na gharama yake tunailipa sisi.

Basi siku gari likigoma, kabla ya kuomba watu wakusukume, sikiliza mlio, tazama taa za dashibodi, jaribu N, andika saa na kama injini ilikuwa moto. Na fundi akikwambia stata imekufa, mwombe akuonyeshe namba kwenye mita ufunguo ukiwa umegeuzwa. Akikosa namba, usinunue kwanza.