Mzigo, Mkazo na Mhimili: Istilahi za Usalama Migodini

Mfasiri akabidhiwapo mwongozo wa usalama wa migodi, neno la kwanza kumtatiza ni mzigo. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita kati ya Bagamoyo na Tabora, neno hili halikuwa na fumbo: mzigo wake ulihesabiwa kwa frasila, na aliyelemewa alionekana. Lakini kaskazini ya Tabora, upande alioelekea Speke mwaka 1858 akilitafuta ziwa, leo watu huchimba dhahabu chini ya ardhi. Huko mzigo ni mwamba wenyewe, nao huongezeka bila kuonekana. Mwezi Novemba 2015 wachimbaji watano waliopolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kufukiwa kwa siku 41.

Wachimbaji wadogo hukinga kuta za maduara yao kwa magogo waitayo matimba. Neno hili ni la wenye kazi, wala hatuoni sababu ya kulifukuza. Kwa kila kitegemezo, kiwe cha mti, cha chuma au bolti iliyokazwa mwambani, twapendekeza mhimili.

Gogo hulia kabla ya kuvunjika; chuma mara nyingi hukaa kimya. Kwa hiyo hutumika kipima mzigo, chombo kiwekwacho kati ya mhimili na mwamba. Aina mojawapo ni kibweta bapa cha chuma chenye mafuta: mwamba ukishuka mafuta hubanwa, na mshale wa geji husogea. Namba ikipanda upesi, watu huondolewa. Ikishuka ghafla nayo si habari njema, kwani huenda mhimili umeteleza na mihimili jirani imetwishwa mzigo wake.

Hapa ndipo tafsiri mbaya iwezapo kuua. Mzigo ni kani yote inayobebwa na mhimili. Mkazo ni kani hiyo kwa kila kipande cha eneo lake. Mihimili miwili ikibeba mzigo mmoja, ule wenye nusu ya eneo la mkato una mkazo maradufu. Msimamizi aliyeandikiwa kuwa mikazo yao ni sawa ataupita ule mwembamba bila wasiwasi. Kanieneo tuyaachie mafuta ya kibweta.

Limebaki jina la kazi yenyewe. Wengine huandika kupima mzigo, lakini kupima huweza kufanyika mara moja na kuishia hapo. Sisi twachagua kufuatilia mzigo, maana daftari lenye namba moja halimwambii msimamizi kama mwamba unatembea.