Fahamu: Waya mmoja ukikatika, nani hukosa mtandao?

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hata katika mtandao mdogo, waya ukikatika, ukubwa wa athari hutegemea mpangilio wake:

Mstari: Kompyuta zote hutumia waya mkuu mmoja. Ukikatika, mtandao mzima huvurugika.

Nyota: Kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye swichi, kifaa cha kati kinachoziunganisha. Waya ukikatika, huathirika kompyuta hiyo moja. Swichi ikifa, zote hukwama. Ofisi nyingi hutumia mpangilio huu.

Duara: Kila kifaa huunganishwa na viwili jirani. Waya ukikatika, na ikiwepo njia ya kurudi nyuma, data huzungukia upande wa pili.

Wavu: Vifaa huunganishwa kwa njia nyingi. Ni ghali, lakini hustahimili zaidi.

Ofisi ndogo? Nyota yatosha, ila weka swichi ya akiba.