Wekundu wa Mawese

Kateni ndizi mbivu vipande viwili. Kimoja kikamulieni ndimu, kingine kiacheni wazi. Baada ya saa chache kile kisicho na ndimu kimekuwa cheusi. Cha ndimu bado ni cheupe. Sababu ni nini? Katika hewa mna oksijeni. Ndiyo inayotia jembe kutu likiachwa mvuani, na ndiyo inayogeuza rangi ya ndizi. Ukali wa ndimu na vitamini C iliyomo huizuia.

Mwili nao huhitaji oksijeni, kama moto uhitajivyo hewa. Lakini moto hurusha cheche, na kazi ya mwili nayo huacha vitu kama cheche, vidogo mno, vinavyodhuru. Katika matunda mna vitu vya kuzizima. Wenye elimu huviita antioksidanti, na vitamini C ni kimojawapo. Mwaka 1747 mganga wa meli ya Uingereza, James Lind, aliwagawia mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa ufizi kutoka damu, dawa sita mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Pera, ambalo watoto huliangua njiani bila kulihesabu kuwa chakula, lina vitamini C kupita chungwa.

Lakini katika nchi ya Kasongo na Kabambare liko tunda ambalo hakuna aliitaye tunda: ngazi. Wekundu wake ni karotini, kitu kilichotolewa kwanza katika karoti mwaka 1831. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Mtoto anayeikosa huanza kujikwaa jua likitua, wakati wenzake bado wanaiona njia. Watu humcheka na kumwita mzembe. Si uzembe. Asiposaidiwa, jicho hukauka, huingia kidonda, na mwisho hupofuka. Surua huzidisha hatari hiyo. Ndiyo maana mtoto wa surua hupewa vitamini A hospitalini.

Muhogo mweupe karibu hauna karotini. Mawese yanayo tele, tena mafuta yenyewe huisaidia kuingia mwilini. Kuyapika pamoja na sombe hakuyaharibu sana. Kuyachemsha peke yake mpaka moshi utoke na wekundu uishe ni jambo jingine. Mafuta hayo meupe yatakaanga samaki vizuri, lakini kile cha kulinda macho kimekwisha kuungua.