Ramsa ya Kijiji na Suala la Anayechekwa katika P'tit Quinquin

Katika ramsa nyingi za televisheni zinazosawiri maisha ya kijijini, mtazamaji huingizwa kijijini kwa macho ya mgeni. Mfano ni Doc Martin, tamthilia iliyoanza kurushwa na kituo cha TF1 mwaka 2011 kutokana na ile ya Uingereza yenye jina hilohilo. Daktari kutoka Paris anahamia bandari ndogo ya Bretagne, na ghadhabu zake ndizo zinazotuonesha vituko vya wenyeji. Tunacheka tukiwa upande wake. Makala haya yanafafanua namna P'tit Quinquin, tamthilia iliyoandikwa na kuongozwa na Bruno Dumont, inavyomwondoa mgeni huyo, na kinachokipata kicheko anapokosekana.

Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha Arte Septemba 2014 katika sehemu nne, baada ya kuoneshwa Cannes Mei mwaka huohuo. Mandhari yake ni vijiji vya pwani ya Boulonnais, kaskazini mwa Ufaransa. Jina lake limetoka katika wimbo wa kubembeleza mtoto uliotungwa na Alexandre Desrousseaux wa Lille mwaka 1853 kwa Kipikadi, usemi wa kaskazini, ambamo quinquin ni mtoto mdogo. Kwa Dumont, Quinquin ni mvulana mtukutu anayezurura likizoni kwa baiskeli na fataki. Kisa kinaanza pale helikopta inapomnyanyua ng'ombe aliyekufa kutoka katika handaki la zege la Vita vya Pili vya Dunia. Tumboni mwa ng'ombe huyo mnapatikana viungo vya binadamu.

Wapelelezi wanaofika hawatusaidii kujiona wenye akili timamu. Uso wa Kamanda Van der Weyden (Bernard Pruvost) hautulii hata kidogo. Nyusi na macho humchezacheza anapohoji mashahidi. Msaidizi wake, Carpentier (Philippe Jore), huendesha gari la polisi kwa magurudumu mawili. Waigizaji hawa si wa kitaaluma, na lafudhi ya kaskazini haikusanifishwa kwa ajili ya masikio ya Paris. Hata katika ibada ya mazishi, makasisi wenyewe wanashindwa kujizuia kucheka.

Je, Dumont, mzaliwa wa Bailleul, kaskazini hukohuko, anawadhihaki watu wa kwao? Kwa maoni yetu, tuhuma hiyo haina mashiko. Dhihaka huhitaji kipimo cha ukawaida, na kijijini humu hakuna anayekishika. Kifaransa kina neno plouc, lililozuka kutokana na majina ya vijiji vya Bretagne yanayoanza na Plou-. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka safari ya neno mshamba, kutoka makazi hadi tusi. Maneno ya aina hii hutamkwa na aliye nje, naye Dumont amemfungia mlango.

Hata hivyo, kijiji chenyewe kinamtengeneza mgeni wake. Mohamed ni kijana wa hapohapo, lakini Quinquin na wenzake wanamtukana kwa rangi na asili yake, naye Aurélie, msichana anayempenda, anamkataa. Mohamed anajifungia ndani, anafyatua risasi kupitia dirishani, na hatimaye anapoteza maisha. Hapa ndipo istilahi ya tanzia-ramsa inapodai nafasi yake. Dumont habadilishi sauti wala mwendo: kamera ni ileile, jua la likizo ni lilelile, na polisi wanaoizingira nyumba ni walewale waliotuchekesha. Aidha, aliyemwandama Mohamed ni mtoto yuleyule tuliyempenda kwa utundu wake, na fataki zake tulikwisha kuzicheka.

Uchunguzi haufiki popote. Maiti zinaongezeka, kamanda anatoa falsafa kuhusu uovu, na sehemu ya nne inaisha bila muuaji kutajwa waziwazi.