Mswada Huwaje Sheria Kenya, na Maoni Yako Hupotelea Wapi?

Juni 25, 2024, wabunge 195 walipiga kura ya ndiyo kwa Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Muda mfupi baadaye waandamanaji, wengi wao vijana, waliingia kwa nguvu katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Sehemu ya jengo ilichomwa, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini.

Swali ambalo halijaisha hadi leo ni hili: kama Bunge lilikusanya maoni ya wananchi kabla ya kura, mbona ilibidi watu waingie barabarani ndiyo wasikike?

Ili kulijibu, tuufuate mswada wenyewe hatua kwa hatua.

Mswada ukishaandikwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha husomwa bungeni mara ya kwanza. Hapo usitarajie mjadala. Karani husoma jina la mswada tu, basi, unapelekwa kwa kamati.

Hatua ya kamati ndiyo yako wewe. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, kwa hivyo kamati hutoa tangazo, hupokea barua na huwasikiliza watu ana kwa ana. Na si kweli kwamba maoni hayo hayafanyi kazi kabisa. Mswada wa 2024 ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Zote mbili ziliondolewa kabla ya kura.

Ila angalia zilivyoondolewa. Tangazo la mabadiliko hayo lilitolewa Ikulu, Juni 18, baada ya wabunge wa upande wa serikali kukutana na rais. Mwananchi aliyeandika barua kwa kamati hakuambiwa kama ni barua yake iliyosikika, ni kelele za mtandaoni, au ni hofu ya wanasiasa.

Mswada ukitoka kwa kamati husomwa mara ya pili, na hapa ndipo wabunge hujadili: tunautaka au hatuutaka? Ukipita, unaingia Kamati ya Bunge Zima. Hii hatua wengi hatuifahamu, na ndiyo yenye mambo. Wabunge wote huketi kama kamati na kupitia mswada kipengele kwa kipengele. Kinaweza kufutwa kipengele, kikabadilishwa, hata kikaongezwa kipya ambacho hukukiona wakati ulipoombwa maoni. Baadaye husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho.

Je, kipengele kilichoingizwa huku mwishoni ni halali? Mahakama zetu zimevutana juu ya hilo. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa ilifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote. Miongoni mwa sababu zake: kulikuwa na vipengele vipya ambavyo wananchi hawakupewa nafasi ya kuvitolea maoni, na Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni fulani na kukataa mengine. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 29, Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo na sheria ikabaki.

Kwa maoni yangu, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imegusa kidonda chenyewe. Ni kweli Bunge haliwezi kurudi kwa umma kila neno likibadilishwa, hakuna sheria ingepita. Lakini kumwambia mtu kwa nini umekataa maoni yake, hata kwa mistari miwili, kunahitaji nini?

Halafu kuna kura. Mara nyingi Spika huuliza wanaosema ndiyo, kisha wanaosema la, na sauti ikizidi upande mmoja imekwisha. Huwezi kujua mbunge wako alisema nini. Mwaka 2024 kura zilihesabiwa kwa majina, ndiyo maana orodha zilisambaa kwenye simu zetu na wabunge wakapigiwa simu usiku kucha. Ni jambo dogo la utaratibu, lakini lilibadilisha kila kitu.

Je, Seneti? Huhusika na miswada ya kaunti. Mswada wa Fedha ni wa Bunge la Taifa pekee, kwa hivyo hakukuwa na jicho la pili.

Mwisho ni meza ya rais. Ana siku 14: atie saini, au aurudishe akieleza asichokubali. Akikaa kimya siku hizo zikaisha, mswada unahesabiwa umetiwa saini. Bunge linaweza kumshinda, lakini kwa thuluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349. Wale 195 wa Juni 25 wasingetosha. Ruto aliurudisha akipendekeza vipengele vyote vifutwe.

Lakini usidhani kila kilichokuwemo kilikufa. Desemba 11, 2024, rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi. Ndani yake mlikuwa na baadhi ya mapendekezo ya ule mswada wa Juni, kwa mfano kodi mpya kwa kampuni za kigeni zinazofanya biashara Kenya kupitia mtandao. Safari hii ilipita bila umati kama ule wa Juni.

Mswada wa Fedha huja kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa serikali kuanza Julai 1. Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na muda wake huwa mfupi, kwa hivyo usingoje kuambiwa na jirani. Maoni huandikiwa Karani wa Bunge la Taifa. Taja namba ya kipengele, sema unataka kifutwe au kibadilishwe vipi, na ubaki na nakala yako. Ripoti ya kamati ikitoka, tafuta kipengele hicho uone walisema nini.