Matunda mabichi na chupa ya bia



Siku hizi wengine wanaacha bukari, nyama na samaki. Wanakula tu maembe, kalanga na majani mabichi, ili wapunguze uzito. Matunda ni mazuri. Lakini siku ya mushahara wanasema: «Bia inatoka kwa nafaka, nayo ni mumea!»

Asubuhi moja walituletea mwenzetu ku dispensere: jasho baridi, mikono inatetemeka, maneno yamechanganyika. Wakasema ni ulevi tu. Kumbe sukari ya damu ilishuka.

Ini ndilo linatunza akiba ya sukari. Ukikula kidogo, akiba inaisha. Na pombe inazuia ini kutengeneza sukari ingine.

Tena, chupa kubwa moja ya bia inaomba masaa 3 hivi kutoka mwilini. Ukimaliza chupa 3 saa 4 ya usiku, saa 12 ya asubuhi unashuka shimoni na pombe ndani ya damu.

Basi: usinywe kama hukukula chakula cha kushibisha, na kesho kukiwa kazi, acha chupa. Mtu asiyejibu, musimupe kitu mdomoni. Mumupeleke mbio kwa muganga.

Watoto wanakungoja, urudi muzima.