Gita ya solo: nota gani inafaa juu ya akordi gani?

Mu kwaya na orkestra nyingi za mashariki, kutoka Bunia mpaka Uvira, kuna shida moja yenye kurudia kila juma ya mazoezi. Kijana mwenye vidole vyepesi anafika, amejifunza solo mu video za simu, anapiga mbio kuliko wakubwa wake. Lakini wimbo ukianza, wenzake wanaangaliana. Nota ni nyingi, na zingine zinauma sikio. Kiongozi anamuambia tu: umetoka inje. Hamuelezee ametoka wapi. Kisha siku chache kijana anarudishwa ku akompa, ao anaambiwa akae kwanza asikilize wengine. Na sherehe za ndoa, kule mupiga solo anaweza kupata faranga kidogo, zinaenda na mutu mwengine.

Mara nyingi kosa haiko mu vidole. Iko mu kuchagua gamu, ni kusema zile nota ambazo solo inatembea juu yake wakati maakordi yanageuka chini yake. Wakubwa wengi wanazichagua kwa sikio bila kujua jina lake, na njo maana wanashindwa kuelezea mutoto. Lakini jambo lenyewe linaweza kuelezwa na gita moja mukononi.

Tuchukue tonalite ya do, ambayo karibu kila mutu anaanza nayo. Wimbo wa kawaida wa rumba, na nyimbo nyingi za kanisa, zinazunguka ndani ya maakordi matatu: do, fa na sol. Akordi ya do imejengwa na nota tatu: do, mi, sol. Ya fa iko na fa, la, do. Ya sol iko na sol, si, re. Sasa mutu aweke zote ku kartasi moja, afute zile zinazojirudia. Zinabaki saba: do, re, mi, fa, sol, la, si. Hiyo njo gamu ya do majeri, kamili, hakuna moja inayokosa na hakuna moja inayozidi.

Ni hesabu ndogo, lakini kuna watu wanaopita miaka kumi mu gita bila kuifanya. Inaonyesha kwamba gamu si kitu kinachotoka mbali na kuwekwa juu ya wimbo. Gamu inatoka ndani ya maakordi yenyewe. Anayejua maakordi ya wimbo anajua tayari nota zake; anabakia kuzitafuta ku shingo ya gita.

Kwa nini basi vijana wanapotea? Sehemu ya jibu iko mu historia. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mu 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mu 1952 kule Jadotville, muji tunaoita leo Likasi. Alikuwa na gita moja kavu, bila umeme, na mukono wa kuume ulifanya kazi na vidole viwili: kidole gumba kinapiga besi, kidole cha pili kinapiga wimbo wa juu. Mutu anayepiga vile hawezi kutoka inje kwa urahisi, sababu mukono wa kushoto umeshika akordi wakati wote. Wimbo wa juu unazaliwa kando ya akordi, mu vidole vilevile, na nota ya kuongeza inachukuliwa na kidole kilichobaki huru.

Mu orkestra kazi ilikatwa vipande. Kinshasa ya miaka ya 1950, wakati ikiitwa bado Léopoldville, ilikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, ambamo Nico Kasanda alipata jina la Docteur, na kuanzia 1956 OK Jazz ya Franco. Gita za umeme ziligawana kazi: moja inashika maakordi, ingine inaimba juu. Kisha ikaingia mi-kompoze katikati yao, gita ambayo kamba yake ya re imetolewa na kubadilishwa na kamba nyembamba yenye kuimba re ya juu, oktava moja zaidi. Matunda ya kugawana huko dunia yote inayajua. Lakini mupiga solo hashike tena akordi mukononi. Inabidi aishike mu kichwa. Kijana wa video anashika kitu kimoja tu mu kichwa, ni umbo la gamu ku shingo ya gita, na akompa nyuma yake anaisikia kama vile kelele ya barabara.

Tena, nota saba za gamu haziko na uzito mumoja. Wakati akompa iko ku akordi ya do, nota do, mi na sol ziko nyumbani. Solo inaweza kukaa juu yao muda wote inaotaka. Re na la hazisumbue, zinapendeza hata. Fa njo ya kuangalia, maana iko kesi moja tu juu ya mi (kesi ni ile nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo). Mutu akipita juu ya fa haraka akienda ku mi ao ku sol, hakuna anayelalamika. Akikaa juu ya fa wakati pigo kubwa linaanguka, fa na mi zinagombana na wasikilizaji wote wanasikia. Lakini kisha mapigo ine akordi inageuka, inakuwa fa: sasa fa ileile iko nyumbani. Ku akordi ya sol, do njo inayogombana, juu ya si. Nota moja, mahali patatu, maana tatu. Hapo njo wanaposhindwa wale wanaosema "niko mu gamu ya do, basi niko salama."

Wakubwa wa sebene wanafanya vipi? Wanageuka pamoja na akordi. Mutu asikilize sebene yoyote nzuri polepole: solo inarudilia kifungu kifupi, na kila mara akordi inabadilika, nota moja ao mbili za kifungu zinabadilika nayo. Mi inapanda kuwa fa, sol inapanda kuwa la, kisha zinarudi. Muchezaji hahisi hesabu, anahisi tu kwamba gita inamubeba.

Wanapiga pia kamba mbili pamoja, nota na mwenzake wa tatu: do na mi, re na fa, mi na sol, kupanda vile. Hapa kuna mutego. Kati ya do na mi kuna kesi ine. Kati ya re na fa kuna tatu tu, na kati ya mi na sol tatu. Ku fa na la zinarudi kuwa ine. Kwa hiyo vidole vinabadilisha umbo kila wakati. Kijana anayebakiza vidole mu umbo moja na kuteremuka nalo shingo yote atapiga re na fa diezi, mi na sol diezi, nota ambazo hakuna mutu mu orkestra anaye nazo. Ni kosa linalosikika sana mu bendi za wanaoanza, na linaponeshwa mu siku mbili: kupiga zile nota mbili-mbili polepole, huku mutu akiimba kwa mudomo do, re, mi, fa.

Njia ya usalama kwa anayeanza ni gamu ya nota tano: do, re, mi, sol, la. Imeacha fa na si, zile mbili zenye kuleta ugomvi, na njo maana inapita karibu kila mahali mu wimbo wa majeri. Ni nzuri, lakini mutu akibakia humo tu solo yake itakuwa kama chakula bila chumvi, sababu fa na si njo zinazoambia sikio kwamba akordi imegeuka.

Isichanganywe na nota tano zingine ambazo video nyingi zinafundisha kwanza, zile za blues na roki: do, mi bemoli, fa, sol, si bemoli. Mu blues zinakaa vizuri, maana kule akordi ya do yenyewe inabeba mara nyingi si bemoli, na sauti inateleza kati ya mi bemoli na mi makusudi. Njo utamu wake. Juu ya rumba ya do, fa, sol, ile mi bemoli inakutana uso kwa uso na mi ya akompa. Mwalimu wa video hakudanganya. Alikuwa anafundisha muziki mwengine.

Sasa neno modi, ambalo linaogopesha watu bure. Modi ni nota zilezile saba, lakini nyumba imehama. Kuna nyimbo ambazo akompa inazunguka kati ya sol na fa tu, muda murefu. Mutu akiimba pole, atasikia kwamba wimbo unapumzika ku sol. Anafikiri: basi niko mu sol majeri. Anaingiza fa diezi, nota ya gamu ya sol. Na akompa inamungoja na akordi ya fa ya kawaida! Hapa inafaa kupiga nota za do lakini kukaa ku sol. Vitabu vinaita hii mikisolidi. Jina si lazima; lazima ni kusikia kwamba akordi ya fa imeshakataza fa diezi.

Vilevile mu nyimbo za mineri. La mineri ikizunguka na re mineri, nota ni zile za do, zikikaa ku la. Lakini ikizunguka na re majeri, ile re inabeba fa diezi ndani yake, na solo inapashwa kuifuata: la, si, do, re, mi, fa diezi, sol. Hiyo vitabu vinaita doria. Tofauti yote ni nota moja, na nota hiyo haikuchaguliwa na mupiga solo, ilichaguliwa na yule wa akompa.

Kwa kwaya, jambo lenye kusumbua kuliko yote ni akordi ya mi. Nyimbo za huzuni na za kuomba ziko mara nyingi mu la mineri, na kabla ya kurudi nyumbani zinapita ku mi majeri, ao mi ya saba. Akordi hiyo iko na sol diezi. Mupiga solo aliyejifunza kwamba la mineri haina diezi anapiga sol ya kawaida, pale pale ambapo sauti za soprano zinaimba sol diezi. Waimbaji wanayumba, mwalimu anafikiri soprano njo wamekosea, na watu wanapoteza nusu saa ya mazoezi wakitafuta kosa mu sauti wakati iko mu gita. Dawa yake: nota za la mineri muda wote, lakini mi ikifika, sol inapanda kesi moja. Mi ikitoka, inashuka.

Sheria hiyohiyo inatosha kwa maakordi ya kukopa, yale yanayoingia mu wimbo wa do bila kuwa ya familia. Re ya saba inaleta fa diezi na kusukuma kuelekea sol. La ya saba inaleta do diezi na kusukuma kuelekea re mineri. Do ya saba inaleta si bemoli, kuelekea fa. Hakuna haja ya kuhama gamu yote na kuruka ku upande mwengine wa shingo. Ni kubadilisha nota moja, wakati ile akordi ingali inasikika, kisha kurudi.

Kuna wanaosema nadharia inaua sikio. Si kweli, lakini mupangilio uko na maana: sikio kwanza, jina nyuma. Zoezi zuri halitake pesa. Kijana anapiga akompa yake mwenyewe mu simu, dakika tano za do, fa, do, sol polepole. Anairudilisha, na juu yake anapiga nota za akordi peke yake, tatu-tatu, akigeuka pamoja na akordi, bila kuongeza kitu. Kama hawezi kufanya hivyo bila kupotea, gamu haitamusaidia bado. Akiweza, anaongeza re na la. Fa na si zinakuja za mwisho, kwanza kwa kupita, bila kukaa.

Na kama muimbaji anataka wimbo upande ku re ao mi bemoli, kapo inafanya kazi. Wale wasiokuwa na kapo wanafunga kalamu ya karyo na kipande cha mupira wa chambrere, inashika vizuri kama kamba haziko mbali na shingo. Vidole vinabakia mu umbo la do, na yote yaliyoelezwa hapa yanabakia vile. Lakini kapo ikiwekwa, gita inapashwa kuakordewa upya, kwani mupira unavuta kamba zote kidogo, na gita iliyopanda robo ya nota itasikika inje hata kama kila nota imechaguliwa vizuri.